Chumvi ya Maarib na Shaba ya Kolwezi: Dini, Sharia na Dola

Muislamu wa Dilala, komini ya mji wetu wa Kolwezi, anayemwoza binti yake hukutana na sheria mbili kwa wakati mmoja, na zote mbili humtajia mahari. Sharia aliyofundishwa chuoni, kwa kutegemea aya ya 4 ya Surat an-Nisaa, humwambia kwamba mahari ni haki ya bibi arusi mwenyewe, wala haijuzu kwa mtu yeyote, awe baba au mjomba, kuigusa ila kwa ridhaa yake. Na Kanuni ya Familia ya Kongo, iliyotungwa tarehe 1 Agosti 1987 na kurekebishwa Julai 2016, humwambia kwamba mahari ni mali wanayokubaliana bwana arusi na jamaa zake kwa upande mmoja na wazazi wa bibi arusi kwa upande wa pili, kwa manufaa ya wazazi hao. Jamaa wenye busara hulipatia jambo hili njia bila ya makelele: mbuzi, vitenge na fedha vikaenda kwa wazee, na kitu kingine, hata kikiwa ni pete au msahafu, kikatajwa mbele ya imamu kuwa ni cha binti peke yake.

Mzazi huyo akifariki, hitilafu huzidi uzito. Elimu ya faraidhi humpa mwana wa kiume fungu la mabinti wawili; Kanuni ya Familia huwatengea watoto robo tatu za mali ya marehemu wagawane sawasawa, wa kiume na wa kike, na hata mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, maadamu baba alimkiri kwa taratibu za sheria alipokuwa hai, huingia katika fungu hilo. Mke wa pili, ambaye fikihi inamtambua, serikali haimjui kabisa, kwa kuwa sheria ya nchi hairuhusu mtu kufunga ndoa mpya kabla ya ile ya kwanza kuvunjika. Wala hakuna kadhi wa serikali wa kumwendea: mashauri ya ndoa na mirathi hupelekwa mahakama ya amani, kwa hakimu ambaye aghalabu si Muislamu na ambaye, hata angekuwa Muislamu, angehukumu kwa Kanuni ile ile. Imamu wa mtaa hubaki na neno lake tu, na uzito wa neno hilo ni kadiri ya imani ya anayelisikia.

Hali hii ndiyo wanazuoni wa Kairo, Khartoum na Tehran waliyoijadili kwa muda wa karne nzima, wengine wakiiogopa na wengine wakiitumainia: Uislamu usioshika dola mkononi. Sisi wa mkoa wa Lualaba tumeishi ndani yake tangu zama za babu zetu, na hakuna aliyetuuliza tumeionaje. Nia yangu ni kuyapima mawazo ya wale waitwao wanazuoni huria, yaani wale waliosema kwamba sharia ya Mungu haihitaji rungu la serikali ili iwe sharia, kwa mizani ya maisha ya mji huu. Na hukumu yangu, niitangulize ili msomaji asihangaike kuitafuta, ni kwamba walisema kweli katika msingi wa jambo, lakini waliulinda mlango mmoja tu. Waliihofia dola itakayoikamata dini. Kwetu Kongo hatari iliyo karibu zaidi ni watu wa dini wanaoifuata dola kwa miguu yao wenyewe.

Tarehe 3 Machi 1924 Bunge la Uturuki liliufuta ukhalifa, na Waislamu wa dunia nzima, ambao wengi wao hawakupata kutawaliwa na khalifa yule hata siku moja, waliingiwa na huzuni kubwa. Mwaka uliofuata kadhi mmoja wa mahakama za sharia za Misri, Sheikh Ali Abdel Raziq, mhitimu wa al-Azhar, alitoa kitabu kifupi kiitwacho al-Islam wa Usul al-Hukm, akadai kwamba Kurani na Sunna hazikuamrisha mfumo wowote maalumu wa utawala, kwamba ukhalifa ni jambo walilolisimamisha watu kwa haja zao za kidunia, na kwamba Mtume alikuwa mwenye ujumbe, hakuwa mwenye ufalme. Baraza la maulamaa wakuu wa al-Azhar lilimhukumu Agosti 1925, likamfuta katika jamii ya maulamaa, na ukadhi wake ukapotea. Ni vema kukumbuka kwamba wakati huo Mfalme Fuad wa Misri alikuwa akiutamani ukhalifa ule uliobaki bila ya mwenyewe, hivyo hasira za watu wa al-Azhar hazikuwa za ilimu tupu.

Hata hivyo hoja ya Abdel Raziq ilikuwa na udhaifu ambao wapinzani wake waliuona upesi. Mtume, sala na amani zimshukie, alifunga mikataba Madina, alikata mashauri, alituma majeshi na wakusanyaji zaka. Kusema kwamba hakutawala ni kuikana historia iliyo wazi. Jibu lililo imara zaidi lilikuwa limekwisha andikwa Misri hiyo hiyo zaidi ya karne sita kabla yake, na mtu ambaye hakuna awezaye kumwita mfuasi wa Wazungu: Shihab ad-Din al-Qarafi, mwanachuoni wa madhehebu ya Maliki aliyefariki mwaka 1285. Huyu alifundisha kwamba matendo ya Mtume hayana daraja moja. Yako aliyoyatenda kwa kuwa ni mjumbe afikishaye wahyi, na haya huwafunga watu wote mpaka Kiama. Yako aliyoyatenda kama kadhi aliyesikiliza wadai wawili na ushahidi wao. Na yako aliyoyatenda kama imamu, yaani kiongozi wa umma mwenye kugawa ardhi, kupanga jeshi na kuangalia maslaha ya watu kwa siku zile. Ya namna hii ya tatu hayamfungi mtu wa baadaye kwa herufi yake, kwa kuwa maslaha hubadilika, na kila zama zina kiongozi wake wa kuyatazama.

Kwa watu wa mji wa madini, mfano mmoja unatosha kulidhihirisha jambo hili kuliko vitabu vingi vya nadharia. Katika mikusanyo ya Abu Daud na Tirmidhi imepokewa habari ya Abyad bin Hammal, mtu wa Maarib katika nchi ya Yemeni, aliyemjia Mtume akamwomba ampe machimbo ya chumvi ya huko kwao, naye akampa. Alipokwisha kuondoka, mtu mmoja katika waliohudhuria akamwambia Mtume kwamba alichompa bwana yule ni mfano wa maji yasiyokatika, yaani kitu ambacho watu wote hukijia na kukichota bila ya taabu. Na Mtume, baada ya kuisikia habari hiyo, akaitengua hiba yake, chumvi ikarudi kuwa ya wote.

Tuitazame habari hii kwa makini. Leseni ya kuchimba ilitolewa na aliye mbora wa viumbe, ikaondolewa kwa sababu raia mmoja, ambaye hakuogopa kusema, alileta maelezo ambayo mtoaji hakuwa nayo. Lau hiba ile ingekuwa wahyi, nani angeweza kuipinga, na vipi ingetenguliwa? Ilikuwa ni tendo la utawala, lenye kutegemea habari, lenye kuweza kusahihishwa, na lenye kipimo kimoja, nacho ni nafuu ya umma. Malik bin Anas, imamu wa Madina, kwa kauli inayojulikana katika madhehebu yake, aliona kwamba madini yako chini ya mamlaka ya imamu, hata yakiibuka katika ardhi ya mtu binafsi, ili asije mtu mmoja akayahodhi; na Katiba ya Kongo ya 2006, iliyoandikwa na watu ambao wengi wao hawakupata kumsikia Malik, inasema katika ibara ya 9 kwamba udongo na vilivyo chini yake viko katika mamlaka ya kudumu ya dola.

Sasa basi, mji wa Kolwezi ulianzishwa na kampuni ya Union Minière mwaka 1937 kwa ajili ya shaba, na leo kobalti yake husafiri mpaka viwanda vya betri vya Asia. Sheria ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 imeugawa mrabaha wa madini: 50% kwa hazina ya taifa, 25% kwa mkoa, 15% kwa serikali ya mahali ambamo mgodi umo, na 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Hakuna aya wala hadithi itajayo 15%. Muislamu wa Dilala anayetaka kujua kama fungu la komini yake limefika, na limejenga nini, hana haja ya kutafuta fatwa. Ana haja ya hesabu, ya diwani asemaye kweli, na ya ujasiri wa yule mtu aliyesimama katika majlisi ya Mtume. Na anaposimama kuuliza, husimama bega kwa bega na Mkatoliki na mfuasi wa kanisa la Kimbangu, kwa haki ile ile na kwa lugha ile ile. Hapa ndipo ninapowaona wanazuoni huria wakiwa karibu zaidi na Sunna kuliko wale wanaowashutumu: wanapoyatoa mambo ya utawala katika pazia la utakatifu, wanayarudisha mahali ambapo Mtume mwenyewe aliyaweka, mbele ya macho ya watu, yapate kuulizwa.

Karibu na sisi kuliko Misri ni Sudani, na huko mawazo haya yalilipiwa kwa roho. Mahmoud Mohamed Taha, mhandisi na mtu wa ibada, aliandika mwaka 1967 kwamba Kurani ya Makka, yenye kuwausia watu wote usawa na hiari, ndiyo ujumbe wa asili na wa milele, na kwamba hukumu nyingi za Madina ziliwekwa kwa uwezo wa watu wa zama zile. Rais Nimeiri alipotangaza sheria zake za Septemba 1983 na kuanza kuwakata watu mikono kwa jina la sharia, Taha alizipinga hadharani, akahukumiwa kuritadi, akanyongwa Khartoum tarehe 18 Januari 1985, naye ni mzee wa zaidi ya miaka 70. Miezi mitatu haikutimia Nimeiri akapinduliwa, na mwaka 1986 mahakama ya juu ya nchi hiyo ikaibatilisha hukumu ile. Mwanafunzi wake, Abdullahi An-Na'im, aliyehamia Marekani, aliitoa fikra hiyo katika joto la Sudani akaifanya hoja ya kisheria katika kitabu chake cha 2008 juu ya Uislamu na dola isiyofungamana na dini. Yeye anasema, kwa muhtasari wangu, kwamba sharia hufuatwa kwa nia, na nia haiwezi kulazimishwa. Hivyo kila kipande cha sharia kinachopitishwa na bunge na kusimamiwa na polisi hugeuka kuwa amri ya serikali, matakwa ya watu fulani waliochagua kauli moja ya fikihi wakaziacha nyingine. Dola isiyo na dini rasmi, kwa rai yake, ni haja ya muumini mwenyewe, apate kuamini kwa hiari. Aya ya 256 ya Surat al-Baqara, inayokataza kulazimishana katika dini, ndiyo mgongo wa fikra hii.

Walikuwapo na wengine, kila mmoja na njia yake. Fazlur Rahman wa Pakistani alifundisha kwamba hukumu isomwe pamoja na sababu yake, kisha sababu hiyo iletwe katika zama zetu. Abdolkarim Soroush wa Iran alisema kwamba dini ni ya Mungu, lakini elimu ya dini ni ya wanadamu, nayo hukosea na kukua. Nurcholish Madjid wa Indonesia aliwaambia vijana mwaka 1970 kwamba kuupenda Uislamu hakumlazimishi mtu kukipenda chama cha Kiislamu. Na Abdulaziz Sachedina, aliyezaliwa Tanganyika, alitafuta katika Kurani yenyewe mizizi ya kuishi pamoja watu wa dini mbalimbali. Siwezi kuwatendea haki wote hapa, na kwa kusudi langu An-Na'im anatosha, kwa kuwa maneno yake yanaigusa Kongo moja kwa moja.

Yanaigusa, na pia yanapata mtihani. Dola isiyofungamana na dini, je, Waislamu wa nchi hii waliiona lini? Uislamu uliingia kwa misafara ya biashara. Msiri, Mnyamwezi aliyejenga ufalme wake Bunkeya, katika mkoa wetu huu wa Lualaba, alifanya biashara na watu wa pwani mpaka alipouawa Desemba 1891. Na Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa misafara hiyo, ambaye jina lake ni Hamed bin Muhammed, alikubali mwaka 1887 kuwa gavana wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji katika Stanley Falls. Haifai kuficha kwamba misafara ile ilichukua pembe na watumwa, na kwamba jina la Uislamu katika masikio ya watu wengi wa bara lilibaki na sauti ya minyororo. Jeraha hilo ni letu kulitibu, na halitibiki kwa kulikana. Baada ya vita vya 1892 hadi 1894, Dola Huru ya Kongo ya Leopold ilipowavunja mabwana wa misafara wa Kasongo na Nyangwe, serikali haikusimama katikati ya dini. Mwaka 1906 ilifunga mapatano na Vatikani, ikazipa misheni za Kikatoliki ardhi kwa sharti la kuendesha shule. Na chini ya Wabelgiji Waislamu wa Maniema na wale waliotawanyika kuja Katanga kutafuta kazi walitazamwa kwa shaka, watoto wao wakapewa elimu kwa bei ya ubatizo au wakakosa kabisa. Hata baada ya uhuru, utawala wa Mobutu, uliojidai kutokuwa na dini, ulifikia mwaka 1974 kuiondoa Krismasi katika sikukuu za taifa huku picha ya rais ikitukuzwa kila mahali. Waislamu walipewa utambuzi wa kisheria mwaka 1972 kwa chombo kimoja, ambacho leo huitwa COMICO, na Muislamu asiyeridhika nacho hakuwa na pengine pa kwenda.

Kwa hiyo namwambia An-Na'im kwa heshima: kuitoa dini katika dola hakutoshi. Dola yaweza kuwa haina dini ikawa na chuki, ikawa na kipenzi, au ikajifanya yenyewe kitu cha kuabudiwa. Ibara ya 1 ya Katiba yetu inasema kwamba Kongo ni dola ya kidemokrasia isiyo ya dini, na ibara ya 22 inampa kila mtu uhuru wa dhamiri na wa dini. Maneno haya ni mazuri, na mimi ni mmoja wa wanaoyategemea, lakini nguvu yake iko katika insafu ya hakimu, mwalimu na askari anayeyatekeleza.

Wapinzani wa wanazuoni huria wana hoja, na haifai kuwapita. Abul A'la Maududi wa Pakistani na Sayyid Qutb, aliyenyongwa Misri mwaka 1966, walisema kwamba kutunga sheria ni haki ya Mungu peke yake, wakaishika aya ya 44 ya Surat al-Maida inayowakemea wasiohukumu kwa aliyoyateremsha Mungu. Hoja hii ina heshima yake, kwa kuwa ilizaliwa katika nchi ambamo wanyang'anyi walijiita serikali. Lakini aya hazijihukumu zenyewe. Huhukumu watu, nao ni wenye matamanio. Kongo yetu imeliona jambo hili katika sura ya kutisha: katika Beni na Ituri kundi la waasi la ADF, ambalo tangu 2019 linahesabiwa na kundi lijiitalo Dola ya Kiislamu kuwa tawi lake la Afrika ya Kati, limewachinja wakulima mashambani mwao. Tarehe 1 Mei 2021 Sheikh Ali Amini, aliyekuwa akiwakemea waziwazi wenye siasa kali, aliuawa kwa risasi msikitini Beni, na kabla ya mwezi huo kwisha imamu mwingine aliuawa katika eneo hilo hilo. Anayesema kwamba mjadala wa dini na dola ni anasa ya wasomi wa ng'ambo na aliweke hilo mbele yake. Shehe wa Beni alikufa kwa kuwanyima watu wenye bunduki haki ya kusema kwa niaba ya Mungu.

Ndugu zetu wa pwani walishika njia ya katikati, nayo yafaa kutazamwa kwa kuwa vijana wengi wa hapa huitamani. Mombasa, katika miaka ya 1930, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa msomaji wa mawazo ya mwanamageuzi wa Misri Muhammad Abduh na jarida la al-Manar la Rashid Rida, alitoa magazeti ya Sahifa na al-Islah, akawahimiza Waislamu kusomesha watoto, wa kike pamoja na wa kiume, na kuacha kufuata wakubwa kwa upofu. Akawa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 mpaka alipofariki 1947. Mwanafunzi wa njia hiyo, Sheikh Abdullah Saleh Farsy wa Unguja, alikamilisha tafsiri yake ya Kurani mwaka 1969, na kitabu hicho kimefika mbali na pwani, kikamwezesha mtu asiyejua Kiarabu kumwuliza mwalimu wake amepata wapi hukumu hii. Hawa hawakuwa huria katika siasa, wala hawakutaka kuwa. Lakini bila ya wao Mswahili asingekuwa na lugha ya kujadilia mambo haya, na mimi nisingeandika makala haya.

Mahakama ya Kadhi waliyoirithi ndugu hao wa pwani ilibaki Kenya kwa mapatano ya Oktoba 1963 baina ya Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, juu ya mwambao. Mwaka 2010 makanisa mengi yaliipinga katiba mpya kwa ajili ya mahakama hiyo, na wananchi wakaipitisha katika kura ya tarehe 4 Agosti. Ibara ya 170 inampa kadhi ndoa, talaka, hali ya mtu na mirathi, tena pale tu wadai wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa naye. Zanzibar ilitunga sheria mpya ya makadhi mwaka 2017. Tanganyika ilizifuta mahakama hizo baada ya uhuru, ikaziunganisha ndoa zote chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, na madai ya kuzirudisha yamezuka kila uchaguzi unapokaribia. Watafiti waliokaa katika mahakama za pwani na Unguja wameona kwamba wadai wengi ni wanawake, waliokwenda kudai matunzo au kuachwa kwa heshima, na kwamba mara nyingi hupata haki yao. Hilo ni jema kubwa. Walakini kadhi huyo huteuliwa na kulipwa na serikali, na serikali ndiyo inayoamua kauli yake ifike wapi: mwaka 2025 Mahakama ya Juu ya Kenya ilikubali kwamba watoto wa Muislamu waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe urithi wake, na maulamaa wengi wakalalamika. Waliokubali sharia iingie katika katiba walikubali, wakijua au wasijue, majaji wa katiba waipime. Ninaona hoja ya An-Na'im imethibiti hapo. Kwa hiyo sidai mahakama ya kadhi Lualaba.

Narudi kwenye mlango wa pili, ule ambao wanazuoni huria hawakuulinda. Nchini kwetu sheria imezipa jumuiya nane za dini, Waislamu wakiwa mojawapo, kazi ya kumpendekeza mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, CENI. Mwaka 2021 zilishindwa kuafikiana: sita kati yake, na COMICO ilikuwa miongoni mwa hizo sita, zilimuunga mkono Denis Kadima, Wakatoliki na Waprotestanti wa ECC wakakataa, wakitaja shinikizo na ukaribu na watawala, Rais akamthibitisha Kadima Oktoba mwaka huo, na tume yake ikaendesha uchaguzi wa Desemba 2023. Sina nia ya kumhukumu mtu huyo wala kura zake. Ninalosema ni kwamba nchi iliyojitangaza kutokuwa ya dini imewapa mashehe na maaskofu ufunguo wa sanduku la kura, na tangu hapo kila mwenye kutaka ikulu ana sababu ya kubisha hodi msikitini. Abdel Raziq aliogopa mfalme atakayevaa kilemba. Hakuwaza kilemba kitakachongoja barazani kwa mfalme. Fedha za hija, viwanja vya misikiti, magari, safari: hivi vyote vyaweza kuwa sadaka safi, na vyaweza kuwa bei. Shehe aliyekwisha kupokea hawezi tena kuuliza habari ya 15% ya mrabaha kwa sauti ile ile. Mimi ningependa jumuiya yetu iombe, kwa hiari yake na kabla ya wengine, kuondolewa katika kazi hiyo.

Kazi iliyobaki kwetu ni ya ijtihadi, na ni ya nyumbani. Katika madhehebu ya Hanbali mke anaweza kushurutisha, wakati wa kufunga ndoa, kwamba mume asioe mwingine juu yake, na mume akilivunja sharti hilo mke ana haki ya kuivunja ndoa. Nayo kaida ya mafakihi husema kwamba kinachojulikana kwa desturi ni kama kilichoshurutishwa. Kwa hiyo imamu wa Dilala anayemtaka bwana arusi alete kwanza cheti cha ndoa kutoka ofisi ya komini, cheti ambacho ndani yake mna ahadi ya mke mmoja, hajaiacha fikihi; ameitumia. Ama mirathi, mafakihi wa Shafii, ambao wazee wetu wa Maniema waliwafuata, wamependekeza kwamba mzazi anapowapa watoto hiba katika uhai wake awape sawasawa, wa kiume na wa kike, kwa mujibu wa hadithi ya Nuuman bin Bashir. Baba anayegawa kiwanja na nyumba angali hai, akaandikisha majina ya mabinti pamoja na ya wavulana, ametii hadithi hiyo na hakugombana na robo tatu za Kanuni ya Familia. Mambo haya hayahitaji bunge. Yanahitaji walimu wayajue na kuyasema Ijumaa, badala ya kuwaacha wajane wayagundue mahakamani baada ya arubaini.

Anayebaki bila ya jibu ni mke wa pili ambaye ndoa yake ilikwisha kusomwa zamani. Imamu alimwoza, watu wakala karamu, na serikali haina karatasi yake. Mumewe akianguka na kifusi mgodini, watoto waliokiriwa watapata fungu lao, na yeye atatolewa nyumbani kama mgeni. Nimemtafutia njia katika vitabu vya wanazuoni huria na katika Kanuni yenyewe, na sikumwonea ila hiba iliyoandikwa na kushuhudiwa mume angali mzima. Walioisoma nikaha ile, mimi nawahesabu kuwa wadhamini wake, nao wanajua nyumba zipo wapi.